Mwili Umejaa Maji, Ngozi Imekauka

Hotuba hii niliitoa Jumamosi, katika wiki ya Siku ya Figo Duniani, kwenye ukumbi mmoja wa Temeke, Dar es Salaam, mbele ya wagonjwa wanaosafishwa damu na ndugu zao. Wenzetu wa zamu ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi walikuwa kwenye mashine saa hiyohiyo, hivyo naiweka hapa yote kwa ajili yao. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Asalaam alaykum! Bwana Yesu asifiwe!

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi mnaouguza, ambao kwenye mikutano ya namna hii mara nyingi husahaulika: habari za asubuhi?

Leo nataka tuzungumzie ngozi. Najua daktari anapopita muda wake ni mfupi. Anaangalia presha, uzito, majibu ya damu, anaandika, anaondoka. Ngozi haiulizwi. Nanyi hamsemi, kwa sababu mnaona aibu kulalamikia muwasho wakati jirani yako kwenye kiti cha pili anapumua kwa shida. Lakini mimi ni muuguzi. Mimi ndiye ninayeishika mikono yenu kila wiki. Naiona miundi imepauka. Naona shuka tunazozitoa kwenye viti baada ya saa nne za mashine: zina vumbi jeupe la ngozi, na vitone vya damu pale mtu alipojikuna usingizini. Na ninawaona mnavyovaa mikono mirefu katika joto hili la Machi ili watu wasitazame.

Hebu ninyoosheeni mikono. Nani hapa ngozi yake imekauka tangu figo zilipoharibika?

Geukeni mtazamane. Zaidi ya nusu ya ukumbi. Na ndivyo ilivyo kwingineko duniani: zaidi ya nusu ya watu wanaosafishwa damu kwa mashine wana ngozi kavu. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa umerogwa, hukurogwa. Na wewe bibi yangu uliyetengewa shuka na kikombe ili wajukuu wasiambukizwe, ukavu huu hauambukizi. Hauambukizi kwa shuka, hauambukizi kwa taulo, hauambukizi kwa kushikana. Mliokuja na wagonjwa wenu, washikeni mikono sasa hivi. Mshike. Usiogope.

Sasa tuulizane: ukavu huu unatoka wapi?

Panda daladala ya Mbagala saa nane mchana, umesimama, dirisha limekwama. Nani hatoki jasho humo? Mgonjwa wetu. Abiria wote migongo imelowa, yeye shati lake kavu. Wengi wenu mmeniambia jambo hili mkidhani ni nafuu. Si nafuu, baba. Ndani ya ngozi kuna tezi za jasho na tezi za mafuta. Figo zinapokufa, tezi hizi nazo husinyaa. Za jasho hufanya kazi kidogo, za mafuta hutoa kidogo. Na lile tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ndilo linaloonana na jua na upepo, huishi kwa mafuta hayo na unyevu huo. Likivikosa hukauka, hupasuka, hubanduka. Ndiyo magamba mnayoyaona kwenye miundi, kwenye mikono, mgongoni mahali ambapo kucha hazifiki.

Na mtu akionekana ngozi imepauka, jirani humwambia nini?

(Ukumbi: "Anywe maji!")

Anywe maji! Mmejibu kwa sauti moja, maana wote mmeambiwa. Kwa mtu mwenye figo nzima sina ugomvi na ushauri huo. Kwa mgonjwa wa mashine, ushauri huo unaua. Narudia, na naomba aliyekaa karibu na mlango anisikie: kwa mgonjwa wa mashine, ushauri huo unaua.

Kuna baba mmoja wa Gongo la Mboto tuliyempokea Jumatatu asubuhi. Wote mnaijua Jumatatu, siku mbili zimepita bila mashine. Alipanda kwenye mizani akawa amezidi kilo tano juu ya uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada. Kilo moja ni lita moja, hesabuni wenyewe. Alikuwa hawezi kulala chali, usiku mzima amekaa kitandani ameegemea ukuta, mapafu yameanza kuingiwa maji. Nikaupima mguu wake, nikabonyeza muundi kwa kidole gumba. Kidole kilizama, na nilipokitoa shimo likabaki. Na juu ya shimo hilohilo, ngozi ilikuwa imechanika mistari mistari, nyeupe, inabanduka. Maji lita tano chini yake, na yenyewe kavu! Nikamuuliza, "Baba, umekunywa nini?" Akasema shemeji yake alimwambia ngozi inadai maji, akanywa Jumamosi, akanywa Jumapili, na asubuhi hiyo akaongeza madafu mawili ya kusafishia figo. Tulimuunganisha haraka na Mungu akasaidia.

Mnajua nyumba za bonde la Msimbazi wakati wa masika? Maji yamejaa ndani mpaka dirishani, godoro linaelea, na mvua ikishakatika bati la juu linaungua jua. Ukimimina ndoo nyingine ndani, bati litalowa? Halitalowa. Ndivyo mwili wako ulivyo. Maji unayoyanywa hujaa miguuni, tumboni, kwenye mapafu. Juu ya ngozi hayafiki, kwa sababu kilichokuwa kikiyashikilia huko juu ndicho kilichoharibika.

Na hilo dafu! Najua linauzwa kwenye baiskeli kila kona ya mji huu, najua ni tamu, najua mzee fulani alilinywa akapona homa. Dafu lina potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa potasiamu kwenye mkojo. Figo yako haiwezi, na potasiamu ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla, bila onyo. Dafu halisafishi figo iliyokufa. Jirani akikuletea, mshukuru, kisha wape watoto.

Basi unywe kiasi gani? Daktari wako ndiye wa kukupangia, lakini kipimo tunachokitumia mara nyingi ni hiki: mkojo ulioutoa kwa siku nzima, jumlisha nusu lita. Uji umo humo. Chai imo. Supu imo. Barafu imo. Na ukitaka kiu ipungue, usihangaike na maji, hangaika na chumvi. Ng'onda, dagaa wa chumvi, chipsi zilizonyunyiziwa mpaka zinang'aa, kiungo cha supu cha pakiti: hivyo ndivyo vinavyokupeleka kwenye mtungi usiku wa manane.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu hapo ndipo watu wanapofia. Tuendelee.

Wiki ina saa 168. Figo nzima hufanya kazi zote 168, hazina Jumapili wala sikukuu. Mashine inakufanyia mara tatu, saa nne nne. Jumla 12. Anayekuja mara mbili anapata 8. Najua kwa nini mtu anakuja mara mbili, najua habari ya bima iliyokwama na shamba lililouzwa, sikulaumu hata kidogo. Lakini nikikuficha ukweli wa mwili wako nitakuwa nimekukosea: uchafu mwingine unabaki kwenye damu, na ngozi ni mojawapo ya mahali unapojionyesha. Kabla mashine hazijakuwepo, kabla yule daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, hajaunda mashine yake mwaka 1943 katikati ya vita, wagonjwa wa figo waliofika mwisho walitoka jasho lenye urea, uchafu ambao figo nzima huutoa kwenye mkojo, nyingi kiasi kwamba lilipokauka liliacha chembe nyeupe usoni na kwenye ndevu. Sasa hali hiyo ni nadra sana. Ni nadra kwa sababu ya zile saa 12.

Kwa hiyo nikisikia, "Sista nitoe, nusu saa tu imebaki," roho inaniuma. Nusu saa mara tatu kwa wiki ni saa moja na nusu. Kwa wiki nne ni saa sita. Umejinyima zaidi ya kikao kizima ndani ya mwezi, halafu unaniuliza kwa nini unawashwa!

Na kuna mmoja katika uchafu huo nataka mumjue kwa jina. Anaitwa fosfeti. Yumo kwenye chakula, hasa chenye protini: maziwa, maharage, karanga, maini, dagaa tunaowala na mifupa yao. Yumo pia kwenye soda nyeusi na soseji, na huyu wa viwandani huingia kwenye damu kwa urahisi kuliko wa maharage. Mashine humtoa, lakini mara tatu kwa wiki haitoshi kumtoa wote anayeingia na sahani za siku saba. Akizidi, tezi ndogo zilizoko shingoni, zinaitwa parathiroidi, huchachamaa na kuanza kuivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kalsiamu na fosfeti zikikutana kwenye damu huganda pamoja na kujiweka mahali pasipo pake, kwenye mishipa na kwenye ngozi. Hapo ukavu unapata mwenzake, muwasho. Ule muwasho wa usiku, unaokutoa kitandani ukajisugue kwenye fremu ya mlango.

Tuna mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandarini, mtu wa utaratibu sana. Kila kipimo fosfeti yake iko juu. Tukamshuku kwa chakula, mke wake akaapa kwamba hata maziwa ameacha. Siku moja nikamwambia, "Mzee wangu, nieleze vile vidonge vya fosfeti unavimeza vipi." Akatoa kijaluba mfukoni, vidonge vimepangwa vizuri, akasema, "Vitatu kwa siku. Navimeza vyote saa nne usiku nikishaswali, ili nisisahau." Vyote vitatu! Usiku! Tumbo tupu! Jamani, kidonge kile hakifanyi kazi kwenye damu. Kazi yake iko tumboni, humo humo kwenye chakula: kinaishika fosfeti ya lile tonge ulilomeza, kisha vinatoka pamoja chooni. Bila chakula hakina cha kushika. Kimeze katikati ya mlo, ukiwa bado unatafuna. Mzee alibadili hilo tu, na fosfeti ikaanza kushuka. Hakuwa mkaidi. Hakuna aliyemweleza. Ndiyo maana leo nawaeleza ninyi wote.

Sasa tuje kwenye yale tunayoyafanya wenyewe kwa mikono yetu.

Ngozi ikiwasha, mtu anafanyaje? Anachemsha maji, ya moto kweli, maana moto unautuliza muwasho kwa dakika chache. Anatia dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo. Anachukua sabuni ya mche na dodoki, anajisugua mpaka akubali. Na wengi wetu maji yenyewe ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hiyo anaongeza sabuni. Akitoka bafuni mafuta machache aliyokuwa nayo yamekwisha. Kesho anawashwa zaidi, anachemsha tena.

Na kuna kubwa kuliko hilo, na dada zangu mniwie radhi, nitalisema. Mkorogo.

Figo zikishindwa, homoni inayochochea rangi ya ngozi huongezeka mwilini. Mtu anakuwa mweusi kuliko alivyokuwa, weusi wa kupauka. Halafu anakwenda harusini, shangazi anamwambia mbele za watu, "He! Mbona umeungua hivyo?" Dada mmoja wa Sinza aliambiwa hivyo na ndugu zake mwenyewe. Akanunua kopo lisilo na lebo, limekorogwa mahali pasipojulikana. Baada ya muda kweli akawa mweupe. Siku moja namaliza kazi, nabandua plasta kwenye mkono wake wa fistula, yaani ule wenye mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine ziingie, taratibu kabisa, na ngozi ikaja na plasta. Akanitazama. Nami nikajua bila kuuliza.

Mikorogo mingi ina steroidi kali, na steroidi hulifanya tabaka la ngozi kuwa jembamba. Mingine ina zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia kwenye damu, na mahali inapopendelea kwenda kuharibu ni wapi? Ni kwenye figo! Kuna watu figo zao ziliharibiwa na krimu za namna hiyo. Na mkataba wa kimataifa wa Minamata, unaohusu zebaki, ulikubaliana kuziondoa sokoni. Dada yule alikuwa bado anapata mkojo, kikombe kimoja hivi kwa siku. Mnajua thamani ya kikombe hicho? Mkojo mdogo uliobaki unatoa uchafu saa 24, hata ule ambao mashine inashindwa kuutoa vizuri. Utunzeni. Usiuhatarishe kwa sababu ya maneno ya harusini. Nanyi mashangazi mliomo humu, midomo yenu nayo ni sehemu ya ugonjwa huu. Mwambieni amependeza.

Wenye kisukari, na ninyi ni wengi, mna sababu ya ziada. Sukari huharibu mishipa ya fahamu inayoendesha jasho la miguu. Mguu unakauka, unapasuka magaga, na kwa kuwa ganzi imeingia husikii maumivu. Magaga yanakuwa mlango wa vijidudu, kidonda kinafuata. Msiyakate kwa wembe. Msiyasugue kwa jiwe mpaka damu.

Tufanye nini basi? Siwezi kumwambia mtu wa Dar es Salaam asioge mara mbili. Oga, lakini oga haraka, kwa maji ya baridi au vuguvugu. Sabuni isiyo na manukato, tena kwapani, sehemu za siri na nyayo. Kwingine maji yanatosha. Dodoki liache. Jifute kwa kugusisha kanga, usisugue, na ngozi ikiwa bado ina unyevu, humo humo bafuni, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Yale ya bei ndogo ya dukani kwa Mangi, ndiyo hayo. Mafuta haya hayaleti maji mapya. Yanayazuia yaliyobaki yasitoroke. Ndiyo maana ukisubiri ukauke kwanza umechelewa. Paka tena kabla ya kulala. Kuna pia krimu zenye urea, asilimia 5 hadi 10, na najua mkiliona jina hilo kwenye kopo mnashtuka, maana urea ndiyo tunayoitoa kwenye damu. Usiogope. Kwa kiasi hicho, juu ya ngozi, huvuta unyevu. Usiipake tu kwenye mpasuko uliochimbika, itachoma.

Asubuhi ya mashine, mkono wa fistula usipakwe kitu. Uoshe kwa maji na sabuni, uje nao hivyo hivyo. Plasta haishiki juu ya mafuta, na sindano inataka ngozi safi. Ukirudi nyumbani na plasta imetolewa, paka upendavyo.

Kucha ziwe fupi. Hili nalisema kwa uzito wote. Mtu akijikuna akatoboka, vijidudu vya kwenye ngozi vinapata njia, na kwenu ninyi njia kati ya ngozi na damu ni fupi sana: una fistula, au una katheta, ule mrija wa kifuani unaoelekea moyoni. Ukiona wekundu, usaha au joto pale, au ukapata homa na kutetemeka, usisubiri siku yako ya mashine. Njoo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na kama umefanya yote haya, na kikao hukikatishi, na fosfeti iko sawa, na bado unakesha ukijikuna, mwambie daktari neno hilo hilo: nakesha. Usiseme "nawashwa kidogo". Vidonge vya mzio mnavyovinunua vinawalevya tu usingizi, muwasho wa figo haviugusi sana. Zipo dawa zinazotuliza mishipa ya fahamu, mfano gabapentini, hutolewa kwa kiasi kidogo baada ya mashine. Usiinunue mwenyewe, kwa asiye na figo, dozi ya mtu mzima wa kawaida inaweza kumchanganya akili na kumwangusha. Na kwa wanaopata figo mpya, wengi muwasho huisha. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza hapa nchini Novemba 2017, kwa hiyo wenye ndugu walio tayari kuchangia, liulizeni jambo hili kliniki mapema.

Nimeambiwa muda umekwisha. Wauguzi wenzangu wawili wako pale dirishani na beseni, kanga safi na makopo ya mafuta. Safu ya mbele mtaanza, vueni viatu na soksi, tuitazame miguu mmoja mmoja. Na wewe uliyemsindikiza mgonjwa njoo naye, maana magaga ya kisigino yeye mwenyewe hawezi kuyaona. Utakayekuwa unayakagua nyumbani ni wewe.